Kabla ya kumcheka Mr. Bean, mtoto ajue anachekwa nani

Karibu kila nyumba yenye simujanja ina mtoto anayemjua Mr. Bean. Huenda hajui kuwa mwigizaji wake ni Rowan Atkinson, wala kwamba kipindi cha kwanza kilirushwa Uingereza Januari 1, 1990. Anachojua ni yule bwana wa koti la kahawia na tai nyekundu, mwenye mdoli wa dubu na kigari cha kijani anachokifunga kwa kufuli mlangoni kama stoo ya mahindi. Vipindi vyenyewe vilikuwa 15 tu, lakini zaidi ya miaka 30 baadaye bado vinawaangusha watu kwa kicheko.

Wanachekea hata Manyovu, mji mdogo wa mpakani kwenye milima ya Kigoma, wilayani Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ukivuka mpaka uko Burundi. Nyumbani watu husema Kiha, shuleni Kiswahili, na sokoni Kirundi huingia katikati ya mazungumzo bila mtu kushtuka. Kiingereza kwa watoto wengi ni lugha ya daftari.

Ndiyo maana mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini hapo alishangaa mdogo wake wa kiume, anayefanya kazi Dodoma, alipokuja likizo ya Desemba na flashi iliyojaa vichekesho vya zamani vya runinga ya Uingereza.

“Dada, hawa wajomba zangu hawajaona kitu,” alisema. “Wanaangalia vipande vya nusu dakika kwenye simu, basi.”

“Na hicho Kiingereza watakisikia?” mama akauliza.

“Tutaanza na kisichohitaji lugha.”

Mama hakubishana. Lakini moyoni hakuwa anafikiria Kiingereza. Alikuwa anamfikiria mtoto wake wa pili, mvulana wa miaka 10 aliyemaliza darasa la nne, ambaye ana kigugumizi.

Kwa mtoto wa namna hiyo, siku huwa ndefu. Salamu za Waha hazina haraka. Mkubwa huulizwa hali ya nyumba, ya watoto na ya mifugo, na mtoto mwenye adabu hutakiwa kujibu vizuri. Huyu alikuwa ameanza kupita njia ya nyuma ili asikutane na wazee. Akitumwa dukani, alimhonga mdogo wake wa kike aende badala yake. Darasani, mwalimu akimuuliza jibu analolijua, husema “sijui”, kwa sababu neno hilo hutoka bila kukwama.

Jioni tatu, vicheko vya aina mbili

Jioni ya kwanza mjomba aliweka Mr. Bean kwenye chumba cha mtihani. Bean amekuja na kalamu nyingi kuliko maswali. Amesoma trigonometria, lakini karatasi aliyoichomoa kwenye bahasha ni ya kalkulasi. Anahangaika kumwibia jirani majibu, anapuliza, anajikunja, analia kimyakimya. Mwisho wa muda msimamizi anatangaza jinsi ya kukusanya karatasi, na hapo Bean anagundua kwamba bahasha ilikuwa na mitihani miwili, ukiwamo ule aliousomea.

Watoto walicheka mpaka wakashikana. Kikafuata kipande cha kanisani, anaposinzia katikati ya ibada na kujikuta hajui neno lolote la wimbo isipokuwa “Aleluya”, ambalo analiimba kwa nguvu zote. Kesho yake asubuhi, yule mvulana aliurudia mtihani mzima uani, kwa uso na mikono tu, bila neno hata moja. Watoto wa majirani walikaa kwenye majani kumtazama. Mama alisimama mlangoni na ufagio, akasahau kufagia.

Jioni ya pili ilikuwa zamu ya Only Fools and Horses, kichekesho cha BBC kilichoanza mwaka 1981. Hiki kina maneno mengi, kwa hiyo mjomba alikuwa akisimamisha picha na kueleza. Hakuhitaji kueleza sana. Del anauza bidhaa za mashaka kutoka kwenye sanduku barabarani, Peckham, kusini mwa London, na polisi wakitokea anafunga sanduku na kukimbia. “Machinga!” watoto walipiga kelele. Kumbe hata London wapo.

Mama ndiye aliyekipenda zaidi, kwa sababu nyingine. Del na mdogo wake Rodney walifiwa na mama, na baba akawaacha. Del ndiye aliyemlea Rodney. Kila mpango wa kutajirika unaharibika, lakini mezani wanarudi pamoja. Sehemu yake iliyorushwa Desemba 29, 1996 iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 24 Uingereza. Watu hao hawakuwa wakicheka umaskini wa Del. Walikuwa wakicheka tamaa zake, huku wakimwombea afanikiwe.

Jioni ya tatu mjomba alichagua Open All Hours, kilichorushwa kati ya 1976 na 1985, akidhani kitampendeza dada yake kwa kuwa kinahusu duka. Mwenye duka, Arkwright, ni mzee bahili kupindukia, na mashine yake ya kutunzia fedha hufunga kwa kishindo kama inataka kumkata vidole. Yote hayo yanachekesha kweli. Ila Arkwright ana kigugumizi, na kila anapokwama kwenye neno, watazamaji wanasikika wakicheka.

Chumbani nako walicheka. Kaka mkubwa akaanza kumwigiza. Mvulana aliinuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia moto jikoni. Moto ulikuwa umezimwa saa nzima iliyopita.

Mama alichukua rimoti akazima.

Hata Waingereza walijiuliza

Jambo hilo halikuanzia Manyovu. Mwaka 1988 ilitoka filamu ya vichekesho ya A Fish Called Wanda, ambamo Michael Palin aliigiza mtu mwenye kigugumizi kikali. Baba mzazi wa Palin alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo alikuwa anaigiza kitu alichokiona utotoni mwake. Hata hivyo wapo walioona filamu ile inawadhihaki wenye tatizo hilo. Mwaka 1993 kilifunguliwa London kituo cha kuwasaidia watoto wenye kigugumizi, na Palin alikubali kiitwe kwa jina lake. Kituo hicho kinafanya kazi hadi leo.

Rowan Atkinson mwenyewe ana kigugumizi. Amewahi kueleza kwamba akiwa ndani ya uhusika, akiigiza mtu mwingine, mara nyingi hupungua au hutoweka. Alisomea uhandisi wa umeme hadi Chuo Kikuu cha Oxford kabla ya kuwa mchekeshaji anayejulikana duniani.

Mjomba alimfuata mvulana jikoni akamweleza hilo. Mtoto alinyamaza kwa muda.

“Ha-hata sasa hivi anacho?”

“Hata sasa hivi, mjomba.”

Hakuuliza zaidi. Lakini alirudi ndani. Na mama, aliyekuwa bado ameshika rimoti, alimwambia mkubwa wake mbele ya wote: “Bean tunamcheka kwa anayoyafanya. Mdogo wako usimcheke kwa jinsi alivyo. Tumeelewana?”

Mzazi ajue nini kuhusu kigugumizi

Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanapoongezeka kwa kasi. Takriban mtoto 1 kati ya 20 hupitia kipindi hicho, na walio wengi hupona bila tiba. Kwa watu wazima hubaki kwa kama 1 kati ya 100. Kwa watoto wa umri wa shule, wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mara nyingi kipo kwenye ukoo: ukiuliza vizuri, utasikia habari za babu au shangazi.

Hakisababishwi na mtoto kutekenywa, kushtuliwa au kumwiga mwenzake. Hakisababishwi pia na kujifunza Kiha na Kiswahili kwa pamoja. Mzazi asimkataze mtoto lugha ya bibi yake kwa hofu hiyo. Wala si dalili ya akili ndogo. Mtoto anajua anachotaka kusema, njia ya kulitoa neno ndiyo inayokwama. Hofu na kuzomewa havikianzishi, lakini hukifanya kiwe kizito zaidi.

Nyumbani yapo mambo yasiyohitaji fedha. Msubiri amalize. Usimmalizie neno, hata kama unalijua. Usimwambie “pumua kwanza” au “sema polepole”. Badala yake punguza kasi ya maneno yako mwenyewe, naye atapata nafasi. Mtazame usoni kama unavyomtazama mtoto mwingine yeyote. Sikiliza anachosema kuliko namna anavyokisema. Kila siku mpe hata dakika tano za kuzungumza na wewe bila ndugu zake kumkatiza.

Kama kimeendelea kwa miezi kadhaa, kama mtoto anakaza uso au shingo anapozungumza, au ameanza kukwepa watu na maneno, mpeleke kituo cha afya na uombe rufaa. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache na wengi wako miji mikubwa, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema. Na mtu mzima anayeanza ghafla kukosa maneno au kuongea kwa shida apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa kiharusi.

Familia inayoanza, ianzie wapi?

Kwa nyumba ambayo haijawahi kuviona vichekesho hivi, mpangilio wa yule mjomba ulikuwa mzuri, ukiondoa jioni ya tatu. Mr. Bean atangulie. Havina maneno mengi, kila kimoja ni kama dakika 25, na mtoto wa miaka mitano na bibi yake wanacheka sawa. Ni vizuri kuvipakua mahali penye intaneti ya bure na kuviweka kwenye memori kadi, bando lisiishe kwa jioni moja.

Only Fools and Horses kifuate, kwa watoto wa darasa la tano na kuendelea, awepo mtu wa kutafsiri. Kina matusi madogomadogo na pombe, kwa hiyo mzazi akitazame kwanza peke yake.

Fawlty Towers, vipindi 12 tu vya mwaka 1975 na 1979, ni cha vijana wa sekondari. Kinahusu mwenye hoteli asiyejua kukaa na wageni, na mhudumu wake Manuel, Mhispania asiyekijua vizuri Kiingereza, ambaye hupigwapigwa kichwani. Hapa pana jambo la kuwasimulia watoto. Andrew Sachs, aliyemwigiza Manuel, alizaliwa Berlin na kufika Uingereza mwaka 1938 akiwa mtoto wa miaka minane, familia yake ikiwakimbia Wanazi. Kwa mtoto aliyekulia jirani na kambi za Nyarugusu huko Kasulu au Nduta huko Kibondo, habari ya mkimbizi aliyekuja kuchekesha nchi nzima haiko mbali.

Mind Your Language, kilichoanza 1977, kinahusu darasa la jioni la wageni wanaojifunza Kiingereza. Karibu utani wote umesimama juu ya lafudhi na makabila ya watu. Kabla ya kukiweka, mzazi akumbuke jinsi Mha anavyoigizwa Kiswahili chake akifika Dar es Salaam, na anavyoulizwa kama si Mrundi. Mtoto mkubwa anaweza kukitazama, mradi mzungumze baadaye. Open All Hours nacho kisubiri hadi hapo.

Swali hilohilo linafaa hata kwa vichekesho vya nyumbani. Marehemu Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 8, 2018, alichekesha Watanzania kwa miaka mingi kwa kuigiza wazee wakorofi, wenye tamaa, wanaoumbuka kwa ujanja wao wenyewe. Huyo ni wa kuchekwa, kwa sababu alijitakia. Mtoto akishajua kutofautisha anayechekwa kwa alichofanya na anayechekwa kwa alivyoumbwa, mzazi hana haja ya kulinda rimoti usiku kucha.

Kigugumizi cha yule mvulana wa Manyovu hakijaondoka, na hakuna aliyetarajia flashi moja ikiondoe. Mjomba alirudi Dodoma, flashi akaiacha. Shule zilipofunguliwa Januari, mama alifunga duka asubuhi moja, akaenda kumwona mwalimu wa darasa la tano. Hakuomba mtoto apendelewe, wala asiulizwe maswali.

“Mwalimu, akisema ‘sijui’,” alimwambia, “naomba umsubiri kidogo.”