Sikumvua buti

Najua nimepotea. Nilikuwa field, nikarudi Kolandoto nikakuta mitihani inanisubiri, na kwa kweli kuna jambo nilikuwa nakwepa kuliandika. Leo umeme upo, bando lipo, acha nilitoe.

Mnakumbuka mwaka wa kwanza nilivyolambwa sapu ya fiziolojia? Swali lililoniangusha lilikuwa: eleza jinsi seli ya neva inavyodhibiti uachiaji wa kemikali zake kwenye sinapsi. Nikakariri madesa, nikafaulu, nikasahau wiki hiyohiyo. Nilijiuliza, nani atakuja hospitali kulalamika sinapsi inamuuma?

Basi bwana. Field (hospitali sitaitaja), saa mbili asubuhi analetwa kijana wa machimboni, upande wa Geita huko. Anasema taya linakaza, ugali haumezeki. Historia nilichukua mimi. Nikaandika: jino. Nikampanga foleni ya meno, nikaendelea na wengine. Alikuwa amevaa buti za mpira, na sikumwambia avue.

Saa nane mchana upepo ukaubamiza mlango. Yule kijana pale kwenye benchi mgongo ukajipinda kama upinde, meno yameumana, uso kama wa mtu anayecheka huku machozi yanamtoka. Mwalimu wa zamu alikuja mbio. Alipotulia kidogo, akachukua kile kijiti cha kukandamizia ulimi, akamgusa nyuma ya koo. Wewe na mimi tukiguswa pale tunataka kutapika. Yeye alikiuma kijiti. "Mvue viatu," mwalimu akaniambia, bila kuniangalia. Chini ya unyayo wa kulia kulikuwa na kitundu kidogo, kimeshajifunga. Msumari wa matimba, wiki iliyopita.

Pepopunda. Saa sita nzima nilikuwa nimempotezea.

Usiku nikafungua lile desa la sapu, safari hii nasoma kama mtu anayetafuta kosa lake. Mwisho wa neva kuna vifuko vidogo sana vimejaa kemikali, vimepangwa mlangoni kama marobota ya pamba yanayosubiri lori. Havifunguki ovyo. Umeme wa neva ukifika, milango ya kalsiamu inafunguka, na kwa kuwa nje ya seli kalsiamu ni nyingi mara elfu kumi hivi kuliko ndani, inaingia kwa fujo. Protini iitwayo sinaptotagmini inaidaka. Hapo kamba za protini, moja ya kifuko (sinaptobrevini) na mbili za utando wa seli, zinajisokota pamoja kama zipu na kukivuta kifuko mpaka kinapasukia nje. Yote hayo hayamalizi hata elfu moja ya sekunde. Bernard Katz ndiye aliyeonyesha kwamba kemikali hutoka kwa vifurushi, akapata Nobel mwaka 1970. Südhof, Rothman na Schekman wakapata yao 2013 kwa mambo ya hivi vifuko.

Sasa sumu ya pepopunda. Inaanzia kwenye kidonda kirefu kisicho na hewa, inaingia kwenye neva ya msuli na kupanda kinyumenyume mpaka uti wa mgongo. Huko inahamia kwenye neva za breki, zile zinazoachia glaisini na GABA kuituliza misuli, na kuikata sinaptobrevini. Vifuko vimejaa, kalsiamu inaingia, ila kamba haipo. Msuli unabaki na mafuta bila breki.

Kilichonikosesha usingizi ni hiki: moja ya sumu za botulini, aina ya B, inaikata sinaptobrevini palepale, sehemu ileile kabisa! Lakini yenyewe inabaki kwenye neva ya msuli, inazuia asetilikolini, na mgonjwa analegea kama kitambaa. Mkasi mmoja, mlango tofauti.

Tukamhamishia chumba chenye giza. Simu marufuku kuita. Kidonda kikasafishwa, akapewa dawa za bakteria, diazepam na dawa ya kuzuia sumu, ambayo inakamata sumu iliyo nje ya neva tu. Ile iliyokwisha kuingia unasubiri mpaka neva ijitengeneze upya, ni wiki kadhaa. Akapewa pia magneziamu, ileile ya kina mama wa kifafa cha mimba, inayopunguza kalsiamu kuingia.

Mama yake alinishika mkono. "Daktari, wamemtupia kitu huko machimboni."
"Mayo, mimi bado mwanafunzi."
"Basi mwanafunzi, niambie. Atapona?"
Nikamwambia breki zimekatika na mwili unazitengeneza, ila taratibu. Kuhusu saa sita sikumwambia. Nilimwambia wiki ya tatu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanituma maji ya kunywa.

Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga, na ni jambo kubwa, msilibeze. Lakini kina mama huchanjwa kliniki wakiwa wajawazito. Mwanaume akishamaliza chanjo za utoto, kliniki anaenda kufanya nini? Ndiyo anashuka duarani na kinga iliyochakaa.

Aliruhusiwa wiki ya sita, anatembea kwa fimbo. Alichanjwa kwanza, maana kuugua pepopunda hakukupi kinga. Sumu inayotosha kukuua ni ndogo mno kuufundisha mwili. Na mimi nilichanjwa siku hiyo, msicheke. Akadai buti zake. Nikampa, tundu bado lipo, akasema ataliziba kwa kiraka cha baiskeli.

Nikamwambia chanjo ya pili ni baada ya wiki nne. Akasema machimboni wiki nne ni mbali. Nimemwandikia tarehe kwenye kadi, na nimeiandika tena kwa chaki ukutani, juu ya kitanda changu.