Sehemu ya 9: Mtoto, gofu na neno la "basi"

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba mwanangu mkubwa, miaka 11, anacheza gofu. Jamani, meseji zilivyojaa! Wengi mnauliza, huo si mchezo wa wazee wenye vitambi na magari makubwa? Hao wapo, siwezi kukataa. Ila wachezaji wengi wazuri wa huku kwetu walianza kama makedi, vijana wa kuwabebea watu mabegi ya fimbo. Na kwetu gofu iliingia kwa mlango huohuo, mjomba wake ni kedi. Mambo ya gharama tuyaache leo. Tuongelee akili, maana ndiyo inayowaliza watoto uwanjani.

Piga hesabu na mimi. Mashimo 18 yanachukua saa 4 na zaidi. Kuupiga mpira mara moja, kuanzia fimbo inapoinuka hadi inapomaliza, ni kama sekunde 2. Mchezaji mzuri akipiga mikwaju 72, muda wote aliopiga mpira haufiki hata dakika 3. Saa zote zilizobaki anatembea na mawazo yake. Kwenye mpira wa miguu ukikosea, dakika hiyohiyo unakimbilia mpira mwingine, unasahau. Kwenye gofu unakosea, halafu unatembea mita 150 na kosa lako. Hakuna mwenzako wa kumlaumu. Hata mpira wenyewe ulikuwa umetulia pale chini unakusubiri.

Na mwili nao hausaidii. Ukikasirika au ukiogopa, adrenalini inapanda. Moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi ya juujuu, misuli inakakamaa, vidole vinatetemeka. Kama unamkimbia mbwa, hiyo ni nzuri sana. Kama unataka kusukuma kampira kadogo mita 1 kaingie shimoni, umekwisha. Ndiyo maana kocha anayewafundisha watoto wetu sijawahi kumsikia akimwambia mtoto "kaza moyo". Anamwambia atoe pumzi polepole, ndefu kuliko aliyovuta. Hapo nesi ndani yangu anapiga makofi, kwa sababu pumzi ya kutoa ikiwa ndefu, moyo wenyewe unapunguza kasi, hauhitaji kuombwa.

Halafu ana sheria ya begi. Umepiga vibaya? Kasirika, nuna, lia ukitaka. Lakini fimbo ikisharudi kwenye begi, mkwaju ule umekufa. Unaanza kuangalia upepo, majani, mpira uko wapi.

Mama niliowasimamia wodi ya wazazi, hii mnaijua. Uchungu unakuja, unapanda, unashuka, halafu kuna pumziko. Anayetumia pumziko hilo kuulilia uliopita na kuuogopa unaokuja, anachoka kabla ya kusukuma. Tunawaambia nini? Mmoja mmoja, mama. Huu tu.

Msidhani wakubwa wameshavuka hapo. Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini, mwaka 2011, akiwa na miaka 21, aliingia siku ya mwisho ya Masters kule Augusta, Marekani, akiongoza kwa mikwaju 4. Shimo la 10 mpira ukaenda kushoto, katikati ya nyumba ndogo za wageni, mahali ambapo hata watazamaji hawakutegemea kuuona. Alimaliza siku na mikwaju 80. Dunia nzima inaangalia. Miezi miwili baadaye akashinda US Open kwa tofauti ya mikwaju 8. Lakini Masters ilimkwepa hadi 2025, na hata hiyo siku shimo la kwanza tu alishapoteza uongozi wake wote. Shimo la 18 akakosa mpira mfupi ambao ungemaliza kazi, ikabidi arudie shimo dhidi ya Justin Rose. Hapo ndipo kedi wake, Harry Diamond, rafiki yake tangu utotoni, alimkumbusha kwamba kama Jumatatu wangeahidiwa kufika hapo walipo, wangekubali. Kauli ndogo tu. Akarudi, akashinda, akaanguka magotini akalia kama mtoto.

Akalia, nasema. Maana kuna baba nilimsikia uwanjani (si uwanja anaocheza mwanangu) akimfokea kijana wake wa kama miaka 9 aliyenasa kwenye mchanga: "Mwanaume gani unalia?" Nikamwangalia yule mtoto. Kila kabla ya kupiga aligeuza macho kwa baba yake kwanza, ndipo akaangalia mpira. Huo si ugumu wa akili. Mtoto anaogopa, basi.

Na baba wa aina hii wanapenda sana habari ya Tiger Woods. Ni kweli, mzee Earl Woods, aliyekuwa mwanajeshi Vietnam, alikuwa akimvuruga mwanawe makusudi: anaangusha begi la fimbo, anachezesha sarafu mfukoni, anakohoa wakati mtoto anapiga. Mume wangu alisoma hayo kwenye simu, kesho yake akaanza kikohozi. Nikamwambia, baba Juni, umesoma nusu. Tiger mwenyewe ameeleza kwamba alipewa neno la kusema akizidiwa, na akilisema baba anaacha palepale. Hakulitumia hata siku moja, lakini alikuwa nalo. Kwangu mimi hilo neno ndilo dawa yenyewe. Sarafu ni kelele tu. Mtoto anayejua anaweza kusimamisha jambo ana nguvu ya kulivumilia, na asiyeweza kusimamisha anabaki kuvumilia kipigo.

Basi tukamuuliza Juni kama anataka zoezi hilo. Akasema anataka, neno akachagua mwenyewe: "basi". Siku ya kwanza alilisema mara mbili, na baba yake, namsifu, alinyamaza kweli, mikono nyuma kama yuko paredi. Wiki ya tatu baba akasahau kukohoa, mtoto akamgeukia: "Baba, leo huumwi?"

Kwenye gari kurudi nyumbani hatuulizi alipiga mikwaju mingapi. Anataja mwenyewe akitaka, na mara nyingi anataka chipsi kwanza.

Mliouliza kuhusu homa na degedege, sijawasahau. Ni Jumamosi ijayo, nikitoka zamu ya usiku.