Kichupa cha Shangazi

Sisi wa Usagara, Tanga, tumekulia jirani na samaki. Mtu wa kwetu akifika Deep Sea haulizi bei tu; anamfunua samaki matamvua, anamtazama jicho, halafu anauliza, "Huyu kavuliwa lini?" Akiwa alishinda juani ndipo akatiwa barafu, barafu hiyo haimsaidii kitu. Na ng'onda ni mtamu, sikatai, ila hata umloweke wiki nzima harudi kuwa nguru mbichi.

Naanza na samaki kwa sababu wenzangu wengi hapa kampasi, hata wa sayansi, wakisikia habari za kusoma jenomu ya saratani wanawaza mashine. Mashine, mashine! Mie nawaza kichupa.

Mwaka juzi shangazi yangu alikatwa kinyama kwenye uvimbe wa titi, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Ndugu ndio wapelekaji wa sampuli, kwa hiyo nikakabidhiwa kichupa cha fomalini kilichozungushiwa plasta, nikapanda nacho basi la Dar es Salaam. Juu yake paliandikwa jina na tarehe, basi. Saa ya kukatwa haikuwepo, wala saa ya kutiwa dawani. Tarehe ilikuwa ya Jumatano. Mimi nilikipokea Jumatatu.

Majibu ya darubini yalitoka: saratani. Kwa darubini fomalini ni rafiki mkubwa. Inazishikiza protini mahali pake, seli inabaki na umbo lake, kisha kinyama kinazamishwa kwenye nta ya parafini na kinaweza kukaa kabatini miaka mingi bila umeme. Kwa joto letu na umeme wetu huu, hiyo si neema ndogo.

Shida inaanza ukitaka kusoma DNA. Fomalini ile ile inaibana DNA na protini zake, nayo inakatika vipande vifupi, mara nyingi vya herufi 100 hadi 300 hivi. Dawa isipowekewa bafa ikageuka asidi, au nyama ikikaa humo kupita kiasi, ndiyo balaa kabisa. Tena kuna hila nyingine: herufi C huharibika ikawa urasili, na mashine huisoma kama T. Unaona badiliko la kinasaba ambalo mgonjwa hana! Kipo kimeng'enya cha kuondoa urasili hizo kabla ya kusoma, na kusoma sehemu moja mara nyingi kunasaidia kuchuja uongo. Lakini uzi uliokatikakatika hurudi vipi kuwa mrefu?

Nyama iliyogandishwa mapema kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, au ikahifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hutoa DNA ndefu na safi zaidi. Sawa. Wilayani friza hiyo anayo nani, na jenereta lake? Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuachane na fomalini. Tuitumie inavyotakiwa: nyama iingie dawani ndani ya saa moja, dawa iwe ya asilimia 10 yenye bafa, wingi wake mara kumi ya nyama, na kwa titi ikae saa 6 hadi 72. Kalamu ya kuandikia saa haihitaji jenereta.

Afrika Mashariki tunayo hadithi yetu katika jambo hili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa mataya ya watoto. Anthony Epstein alimsikiliza London mwaka 1961, na vinyama vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Miaka miwili, patupu. Desemba 1963 ukungu ukaipeleka ndege Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka. Mwingine angesema imeoza, akaimwaga. Epstein akaweka tone chini ya darubini, kumbe ni seli za uvimbe zinaelea, hai! Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakaona kirusi ndani yake. Kinyama kile kingetiwa fomalini Kampala, kisingeota kitu.

Cha shangazi hakikuwa na bahati hiyo. Maabara ilisema kimekaa mno dawani: vipimo vya kuchagua dawa ya kumtibu haviaminiki, na DNA iliyotoka haitoshi kusomwa. Akatwe upya. Wiki tano zilikuwa zimeshapita.

"Mwanangu, kwani kile cha kwanza kimeoza?" aliniuliza.

"Hakijaoza shangazi. Kimeiva kupita kiasi."

Alicheka kidogo, akanyamaza. Safari ya pili, hospitali nyingine, nilimsubiri nje ya chumba cha upasuaji mdogo. Muuguzi alitoka na kichupa, lebo imejaa maandishi: kukatwa saa 4:10 asubuhi, dawani saa 4:16. Shangazi, na bandeji yake, akaniuliza kabla hata ya kuketi, "Saa wameandika?"