Shangazi Naye Anahesabiwa

Kabla hujalazwa kwenye mashine ya MRI kupimwa matiti, kuna maswali unayoulizwa ukiwa bado na nguo zako, umekaa kwenye kiti cha kawaida. Nani katika ukoo wenu amewahi kuugua saratani ya ziwa? Alikuwa na umri gani? Ya ovari je? Na upande wa baba? Mimi upande wa mama niliujua vizuri, na huko hakuna aliyeugua. Wa baba nilijua tu kwamba shangazi zangu waliondoka mapema, mmoja kwa "jipu", mwingine kwa jambo ambalo wakubwa walilitaja kwa sauti ya chini, wakisema ni mkono wa mtu.

Jibu lilitoka Minneapolis, Marekani, anakoishi binamu yangu, binti wa shangazi wa jipu. Madaktari wa huko walimpima vinasaba wakakuta hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA1. Akanipigia bila kuzunguka: "Dada, mama hakufa kwa jipu. Na kama mama alikuwa nayo, mjomba naye huenda alikuwa nayo. Nenda kapime." Mjomba anayemsema ndiye baba yangu, aliyekufa mzee, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Wengi wetu tumekua tukidhani ugonjwa wa matiti hupita kwa akina mama peke yao, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama hadi kwa binti. Hitilafu hii ya jeni haichagui hivyo. Mwanamume anaweza kuibeba maisha yake yote asiumwe, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Saratani nyingi za matiti hazitokani na urithi wa namna hii. Zinazotokana nao ni kama asilimia 5 hadi 10. Lakini mwanamke aliyeirithi hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kuugua saratani ya matiti kabla hajafika miaka 80. Nami nilikwenda kupima vinasaba, na sampuli yangu ilirudi na jibu lile lile la binamu.

Nilisoma baadaye kuhusu Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani aliyeonyesha mwaka 1990 kwamba jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 17, wakati wanasayansi wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wa kawaida kiasi hicho unaweza kufuatiliwa hadi kwenye jeni moja. Alianzia kwenye koo 23 zilizokuwa na wagonjwa 146 wa saratani ya matiti. Ina maana watu wa koo hizo walikubali kusema nani aliugua, akiwa na umri gani. Hilo ndilo lililonigusa kuliko kromosomu yenyewe.

Kipimo chenyewe kinavumilika. Unavua kila chenye chuma, hadi pini ya mtandio, kisha unalala kifudifudi, matiti yakining'inia ndani ya matundu mawili ya kitanda, kanula ikiwa mkononi. Mashine inagonga, inanguruma, inanyamaza, inaanza tena, na wewe hutakiwi kutikisika kwa nusu saa hivi au zaidi. Haitumii mionzi kama eksirei. Kazi yake inafanywa na sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Katikati wanakuingizia dawa yenye gadolini, nayo unaisikia ikipanda baridi mkononi. Uvimbe wa saratani hujitengenezea mishipa mipya ya damu, tena inayovuja, ndiyo maana dawa huwahi kuingia humo na mahali pale pakang'aa kwenye picha. Sisi ambao bado tunaona siku zetu hupangiwa wiki ya pili ya mzunguko, maana wakati mwingine homoni hulifanya titi zima ling'ae, na picha ikawa ngumu kusomwa.

Mwaka 2004 Waholanzi walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wanawake 1,909 wenye hatari ya kurithi. Saratani zilizokwisha kuanza kupenya kwenye nyama ya titi, MRI iliziona karibu 8 katika kila 10. Mamogramu, yaani eksirei ya matiti, iliona theluthi moja tu. Tangu mwaka 2007 Chama cha Saratani cha Marekani kinawashauri wanawake kama mimi wapime vyote viwili kila mwaka, kwa kawaida kuanzia miaka 30.

Ila jicho kali huona na yasiyo ugonjwa. Kwangu liliona doa. Nikarudishwa kwa ultrasaundi, kisha wakachukua kinyama kwa sindano kukipeleka maabara. Siku zile za kusubiri nilipika, nikaenda kazini, nikafua, na kila nilichofanya kilikuwa kizito. Doa halikuwa saratani. Ninajua litaonekana jingine siku moja, na nimekubali kwamba hofu ya namna hiyo ni sehemu ya kulindwa.

Sitaki mtu anisome akadhani ninamtaka kila mwanamke wa Tanzania apige foleni ya MRI. Mashine ni chache, bei ni kubwa, na wagonjwa wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa umeshaenea, bila kuwahi kupimwa hata kwa mkono wa nesi. Huko ndiko fedha ya umma ianzie. Lakini kumuuliza mwanamke kuhusu mama yake, dada zake na shangazi zake kunawezekana katika zahanati yoyote, na ndiko kunakomtambua yule mmoja anayehitaji kupelekwa mbele. Swali hilo linakwama nyumbani kwetu. Tunasema mtu asijitabirie mabaya, tunaogopa binti atakosa mchumba, na tunamzika marehemu pamoja na jina la ugonjwa wake.

Kwa hiyo niliandika orodha ya upande wa baba, jina, umri na ugonjwa, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Baadhi walinuna. Bibi mdogo alisema ninawafukua wafu. Wiki iliyofuata alinipigia mwenyewe, akanitajia dada yake wa mbali wa Tanga aliyekatwa ziwa akiwa bado ananyonyesha, akaniambia niandike.

Kaka yangu bado hajapima. Anasema yeye ni mwanamume, ziwa halimhusu. Ana mabinti watatu, na mkubwa anakaribia miaka 30. Juzi binti huyo alinipigia kwa siri kuniuliza kama anaweza kupima bila baba yake kukubali. Nilimwambia anaweza, na kwamba nitakwenda naye.