Siku ya Tatu Mpe Jembe

Methali hii mnaijua wote: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata sisi tumeisema mara nyingi, tena kwa kicheko. Lakini katika likizo ya kipupwe kilichopita tulitambua ya kuwa maana yake hatukuijua. Tulifundishwa kando ya ziwa Tanganyika, uani kwa mjane mmoja, nasi tumekwisha kupita miaka thelathini, na tumesoma seminari.

Sisi ni katekista katika kijiji kimoja cha milima ya Marungu. Anayeijua nchi yetu anaijua na baridi yake. Milima hiyo hupita mita 2,000, na mwezi wa sita na wa saba upepo wake unakata masikio. Asubuhi watu hukaa jikoni wakiota moto, wala hawatoki mpaka jua limepanda.

Basi, katika baridi hiyo mkubwa wetu alikuja kututembelea. Sisi na yeye ni watoto wa baba mmoja na mama mmoja, lakini yeye anakaa Kinshasa miaka kumi na miwili sasa. Alikuja pamoja na mkewe na watoto wanne: kwa ndege mpaka Kalemie, kwa mashua mpaka Moba, kisha kwa pikipiki mpaka kwetu juu. Tulifurahi sana. Tulichinja mbuzi, tukawapa kitanda chetu. Watoto wao walisema Kilingala na Kifaransa, wa kwetu Kitabwa na Kiswahili. Lakini kabla ya jua kushuka walikuwa wakicheza mpira pamoja, nao mpira hauulizi lugha.

Mke wa mkubwa wetu alitaka kuchota maji. Tulimkataza. Alitaka kufagia. Tulimnyang'anya ufagio. Tulisema: «Shemeji, wewe ni mgeni, kaa kitako.» Tulidhani hiyo ndiyo heshima.

Siku zikapita. Kuni zilikwisha upesi, maana wageni waliota moto usiku na mchana. Unga ulishuka ghalani. Katekista haishi kwa mshahara; anakula shamba lake kama wengine. Siku ya tano tukafungua daftari la wakatekumeni, na katika ukurasa wa nyuma tukaandika: unga, debe mbili, mafuta, chupa tatu, kuku, wanne, sabuni, vipande vitano. Tukajiambia ya kuwa tunaandika ili tujue tu. Lakini mtu aandikaye ili ajue tu haogopi kuonekana, nasi tulilificha daftari lile chini ya sanduku. Na Jumapili ileile tuliwafundisha wakatekumeni habari za Abrahamu alivyowapokea wageni watatu mbele ya hema lake. Tulifundisha vizuri. Watu walitusifu.

Siku ya kumi na tatu mtoto mdogo wa mkubwa wetu akaanza kukohoa. Mama wa watoto wetu akasema: «Tuwashushe ziwani. Moba kuna joto, na Mama mkubwa yuko kule.» Tulikubali mara moja. Tuseme kweli: hatukufikiri kifua cha mtoto peke yake, tulifikiri na ghala.

Kutoka kwetu mpaka Moba ni kushuka tu. Maji ya ziwa yako kwenye mita 770 hivi, basi mtu anashuka zaidi ya mita elfu. Watoto walianza safari wamevaa sweta mbilimbili. Walivua moja, wakavua ya pili, na tulipofika Kirungu, palipo kanisa kubwa la matofali, walikuwa wamebaki na mashati. Tuliingia kanisani kusali kidogo. Tuliwaonyesha watoto na kuwaambia ya kuwa katika misioni hii, mwaka 1917, Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii, alipata upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu. Kisha tukashuka bandarini, tukaliona ziwa. Ng'ambo haionekani vema, na kina chake ni mita 1,470. Duniani linashindwa na ziwa Baikal peke yake. Mtoto mwenye kikohozi aliketi juu ya mchanga wenye moto, akafumba macho kama paka.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ni mjane. Kazi yake ni kukausha ndagala na kuwauzia wachuuzi. Nyumba yake ina vyumba viwili. Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Hakuuliza tutakaa siku ngapi. Alitoa vitu vyake vyumbani, akatandika mkeka wake jikoni, akasema: «Nyumba ni yenu. Maji ya kunywa ni yale yaliyochemshwa, maana kipindupindu hakiko mbali na miji ya ziwa. Na watoto waogelee pale tu wavuvi watakapowaonyesha, kwa sababu ya mamba.» Kisha akapika bukari na mikebuka, tukala mpaka tukashindwa.

Usiku wa pili mzee mmoja mvuvi, jirani yake, alikuja kuongea na watoto karibu na moto. Alisema: «Ziwa hili limeona wageni wengi. Mwaka 1883 alikuja Storms, askari wa Ubelgiji, akajenga kule Mpala. Mwaka 1884 watu wake walimwua mtwale Lusinga huko milimani kwenu, na kichwa chake kikapelekwa Ulaya. Mwaka 1885 walikuja mapadri kukaa Mpala. Mwaka 1887 alikuja kwao kapiteni Joubert, Mfaransa, akapigana na wafanyaji wa biashara ya watumwa. Yeye alioa binti wa huku, akajenga huku, akazeeka huku, akafa huku mwaka 1927. Wote waliitwa wageni. Lakini huyu tulimhesabu wa kwetu.» Watoto waliuliza mambo mengi juu ya kichwa kile. Sisi tuliwaza juu ya neno lile, kuhesabu.

Siku ya tatu, alfajiri, Mama mkubwa aligonga milango. Mitumbwi ilikuwa ikirudi. Wavuvi huwavuta ndagala usiku kwa mwanga wa taa, na asubuhi samaki lazima waanikwe upesi kabla hawajaharibika. Aliweka vikapu mbele yetu, kila mtu chake. Mke wa mkubwa wetu, mama wa mjini mwenye kucha zilizopakwa rangi, alipewa kikapu kikubwa kuliko chetu. Tulitaka kumzuia. Mama mkubwa akatuangalia tu, nasi tukanyamaza. Shemeji yetu akapiga magoti mchangani, akaanza kutandaza ndagala. Mara akacheka kwa sauti, akaimba. Tangu afike kwetu hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo.

Jioni ile jambo tuliloliogopa likatokea. Tulikuwa tumelichukua daftari pamoja nasi, tukitaka kuandika majina ya wakatekumeni kwa ajili ya padri wa Kirungu. Yule mtoto mdogo alilitoa katika mfuko, akatafuta karatasi nyeupe ya kuchorea mtumbwi, akachana ukurasa wa nyuma. Alipomaliza alimpelekea baba yake picha. Mkubwa wetu aliisifu, akaigeuza, akasoma. Alisoma polepole, mpaka sabuni.

Akatuita pembeni. «Mdogo wangu, hesabu hii ni ya kweli?»

Tukajibu: «Ni ya kweli, kaka. Utusamehe.»

Akasema: «Kuhesabu si kosa. Mwenye watoto lazima ahesabu. Lakini kwa nini hukuniambia? Ningalinunua gunia Kalemie kabla ya kupanda mashua. Fedha ninayo mfukoni tangu siku ya kwanza. Nimeogopa kukupa, maana nilidhani utasema: mkubwa ametoka mjini kuja kutununua.»

Na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akasema kwa upole: «Shemeji, uliponinyang'anya ufagio, nilijua ya kuwa siku zangu zinahesabiwa.»

Hatukuwa na jibu. Ndipo Mama mkubwa akasema kutoka jikoni, bila kuacha kusonga bukari: «Mnaisema methali na hamuijui. Jembe si la kumfukuza mgeni. Anayefukuzwa huonyeshwa njia. Jembe hupewa mtoto wa nyumbani.»

Usiku ule hatukulala vema, wala si kwa sababu ya joto. Tulikumbuka mafundisho yetu juu ya Abrahamu. Tulikuwa tumewafundisha watu kumpokea mgeni mlangoni, na sisi wenyewe tulimwacha mlangoni siku kumi na tatu, amekaa kitako juu ya kiti kizuri. Asubuhi tulikwenda Kirungu na majina ya wakatekumeni, na kabla ya kumpa padri majina tulimwomba kitubio.

Tulikaa Moba siku tisa. Kikohozi cha mtoto kilikwisha. Tulipopanda milima tena, mkubwa wetu alinunua magunia mawili ya unga, nasi tukayapokea bila maneno mengi. Kesho yake aliomba jembe. Akalima nasi matuta ya maharage bondeni, pale tunapomwagilia wakati wa kiangazi, mpaka mikono yake ikatoka malengelenge. Shemeji akachota maji na kufagia ua. Walikaa mpaka mwisho wa mwezi wa nane, na siku ya kuondoka kwao tulilia kweli, watoto na wakubwa.

Ndugu wasomaji, likizo ya shule itarudi, na jamaa zenu watatoka mbali kuja kuwaona. Ninyi mtakaopokea wageni, msifiche ghala lenu likipungua. Mwambieni ndugu yenu, maana huenda naye anangoja tu kuambiwa. Wala msimnyang'anye ufagio. Nanyi mtakaokwenda kwa watu, msingoje siku ya tatu. Ombeni jembe siku ya pili.

Ukurasa ule hatukuuchoma. Tumeubandika ukutani, upande wa mtumbwi ukionekana. Mara kwa mara, kabla ya kwenda kufundisha, tunaugeuza kidogo, tunasoma upande wa pili, kisha tunashika njia.

Tumsifu Yesu Kristu.