Wimbo wa mama wanifikisha nyumbani kwa Haydn

Msomaji, ikiwa umewahi kutazama Ujerumani ikicheza Kombe la Dunia, basi umekwisha kuisikia kazi ya mzee ninayetaka kukupeleka kwake Jumapili hii. Tuni ya ule wimbo wao wa taifa, unaopigwa wachezaji wakiwa wamejipanga mstari, haikutungiwa Ujerumani. Ilitungiwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka wa 1797, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mfalme wa huko. Mtunzi alikuwa mtoto wa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, jina lake Joseph Haydn.

Wengi humwita mzee huyo baba wa kwateti. Je, kwateti ni nini? Ni muziki wa watu wanne. Wawili hupiga fidla, wa tatu hupiga viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, na wa nne hupiga selo, ile ambayo mpigaji huketi akaibana kwa magoti. Hakuna ngoma wala mtu wa kusimama mbele akipunga fimbo. Kama umewahi kuimba kwaya ya kanisa, mpango huu unaujua tayari: soprano, alto, tena na besi.

Mimi sikwenda Vienna kwa sababu ya muziki. Kazi ndiyo iliyonipeleka. Lakini kabla sijaondoka, ndugu yangu mdogo alinipa ujumbe.

Ndugu yangu hufundisha fidla mjini Nairobi. Kwa miaka miwili amekuwa akitunga kwateti yake mwenyewe, na si kwa mtindo wa leo, bali kwa mtindo wa Haydn na Mozart, watu wa karne ya 18. Tuni yake kuu ni wimbo ambao mama yetu alitubembelezea nao tulipokuwa wadogo huko Wundanyi, katika milima ya Taita. Mama ameimba alto kanisani kwa zaidi ya miaka 40. Sasa masikio yake yamekuwa mazito, na daktari ametuambia waziwazi kwamba yatazidi kuwa mazito. Ndugu yangu alitaka ausikie wimbo wake ungali unasikika.

Lakini kazi ilikwama katika sehemu ya pili, ile ya polepole. Juu ya hayo, maneno ya watu yalikuwa mengi. Mwalimu mmoja mwenye sifa aliisoma, akasema kwamba hakuna anayetunga namna hiyo siku hizi. Kwamba ni sawa na kushona koti la mtu aliyekufa zamani. Baba mdogo naye aliuliza kwa nini wimbo wa Kitaita uvalishwe tai.

"Dada," ndugu yangu aliniambia, "ukifika huko nenda nyumbani kwa yule mzee. Tazama alivyoishi. Ukirudi uniambie kama nina haki ya kuingia kwake."

Mtumishi mwenye sare

Nilianzia Eisenstadt, mji mdogo ulio yapata kilomita 50 kusini mwa Vienna, katika nchi ya mashamba ya mizabibu. Katikati ya mji lipo jumba kubwa la ukoo wa Esterházy, na ndani yake ukumbi ambao leo unaitwa kwa jina la Haydn. Ukisimama katikati ukapiga kofi moja, sauti hupanda hadi kwenye dari lenye michoro, ikashuka taratibu.

Usidhani, msomaji, kwamba Haydn aliingia humo kama mgeni wa heshima. La hasha! Aliajiriwa na ukoo huo mwaka wa 1761, na mkataba wake ulimtaka avae sare kama watumishi wengine na afike mbele ya bwana wake kupokea amri. Muziki wote aliotunga ulikuwa mali ya bwana. Hakuruhusiwa kumtungia mtu mwingine bila idhini, na sharti hilo liliondolewa tu katika mkataba mpya wa mwaka 1779. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1781, alimaliza kwateti sita na kuwaandikia matajiri barua akiwauzia, akisema zimetungwa kwa namna mpya kabisa.

Umbali mfupi kutoka kwenye jumba ipo nyumba aliyoinunua mwaka wa 1766. Iliungua mara mbili, mwaka wa 1768 na 1776, na karatasi zake nyingi za muziki ziliteketea. Nilipokuwa nikipita katika vyumba vile nilimfikiria ndugu yangu, anayelalamika kwamba amepoteza kurasa tatu ndani ya matatu.

Na kwateti yenyewe ilianzaje? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Katika miaka ya 1750, Haydn akiwa kijana asiye na kazi ya kudumu, bwana mmoja mwenye shamba alimwalika nyumbani kwake Weinzierl. Waliokuwepo na waliojua kupiga nyuzi walikuwa wanne: padri wa mahali hapo, msimamizi wa shamba, mpigaji wa selo na Haydn mwenyewe. Bwana akamwomba Haydn atunge kitu cha watu hao wanne. Basi. Mtindo ambao leo tunauogopa kama sheria ya wakubwa ulianza kwa kutumia waliokuwepo. Kabla ya kufa, Haydn alikuwa ametunga kwateti 68.

Kabla hujaondoka Eisenstadt, panda hadi kanisa la Bergkirche lenye kaburi lake. Mzee alipokufa mwaka wa 1809, watu walioamini kwamba akili ya mtu husomwa kwa umbo la fuvu waliiba kichwa chake. Mifupa ilipohamishwa mwaka wa 1820 wizi ukagunduliwa, na wezi wakatoa fuvu la mtu mwingine. Fuvu la kweli lilirudishwa mwaka wa 1954, lakini lile la bandia halikuondolewa. Hivyo mzee amelala na vichwa viwili hadi leo.

Kwenda mjini na kurudi

Labda unajiuliza, mtindo huo una nini hasa? Hebu nikueleze kama nilivyoelezwa na ndugu yangu, kwa mfano wa nyumbani.

Sehemu ya kwanza ya kwateti ni safari. Unaanza nyumbani, tuseme Wundanyi, na tuni ya nyumbani. Halafu unateremka Mwatate, unapita Voi, unafika Nairobi, na huko unakutana na tuni ya pili yenye tabia nyingine. Kisha yanakuja mahangaiko ya mjini: tuni zinakatwakatwa, zinagombana, zinapotea njia. Mwishowe ni Desemba, unarudi nyumbani. Lakini hurudi peke yako. Ile tuni ya pili uliyoikuta mjini unakuja nayo, na safari hii inaimbwa kwa sauti ya nyumbani, mithili ya bibi arusi aliyekwisha kujifunza lugha ya wakwe zake.

Baada ya safari hiyo huja sehemu ya polepole, halafu dansi ya mapigo matatu iitwayo minueti, na ya mwisho ni ya kasi. Wakati mwingine minueti hutangulia.

Siri nyingine ni mazungumzo. Mpigaji wa kwanza akisema neno, wa tatu hulidaka, wa nne hulipinga. Kama fidla ya kwanza inaimba tangu mwanzo hadi mwisho huku wengine wakiitikia tu, hiyo si kwateti, ni mtu mmoja na watumishi watatu.

Ziko njia nyingine, bila shaka. Jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kwateti yake mwaka wa 1988, akazifanya nyuzi za Kizungu ziongee kwa mapigo ya Kiganda. Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliweka sehemu yake ya kwanza katika albamu Pieces of Africa mwaka wa 1992, na ilisikilizwa dunia nzima. Ndugu yangu anaipenda sana. Ila yeye husema kila mtu na mlango wake.

Kadi ya mzee

Siku ya pili, mjini Vienna, nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U3, nikashuka Zieglergasse. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Haydngasse namba 19. Haydn aliinunua nyumba hii mwaka wa 1793, akaongeza ghorofa, na akaishi humo kuanzia 1797 hadi alipofariki tarehe 31 Mei, 1809, akiwa na umri wa miaka 77. Leo ni makumbusho. Jumatatu hufungwa, kwa hiyo usiende siku hiyo.

Ni nyumba ya kawaida yenye bustani ndogo nyuma. Inasimuliwa kwamba mzee hakuweza kununua picha za bei ghali, basi alitia nyimbo zake fupi katika fremu, akazitundika ukutani.

Kilichonisimamisha ni habari ya kwateti yake ya mwisho. Aliianza uzeeni, akamaliza sehemu mbili za katikati kufikia mwaka wa 1803, na nguvu zikamwishia. Mwaka wa 1806 zilichapishwa hivyo hivyo, zikiwa mbili badala ya nne. Mwishoni pakawekwa maneno ya kadi aliyowapa waliokuja kumtembelea, kusema kwamba yeye sasa ni mzee, nguvu zake zote zimekwisha. Hata hivyo, sehemu hizo mbili hupigwa hadi leo na watu hununua tikiti.

Niliketi kwenye benchi bustanini, nikatia vipokea sauti masikioni, nikasikiliza kwateti yake iitwayo ya Mfalme. Sehemu ya pili ndiyo yenye ile tuni ya Ujerumani. Kwanza inaimbwa na fidla ya kwanza. Kisha, msomaji, inakabidhiwa fidla ya pili, na ni fidla ya kwanza peke yake inayoizungukia kwa madoido, kama mtoto anayemrukia mama yake njiani. Halafu inapewa selo. Halafu viola. Tuni yenyewe haibadilishwi hata kidogo. Kinachobadilika ni yule anayeibeba na wale wanaomsindikiza.

Fidla ya pili. Katika kwaya, hiyo ndiyo alto. Nilimpigia ndugu yangu simu papo hapo.

"Wimbo wa mama umempa nani?" nilimwuliza.

"Fidla ya kwanza, bila shaka."

"Na mama huimba sauti gani?"

Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha.

Jioni hiyo nilipita Domgasse namba 5, nyuma ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, ambapo Mozart aliishi kuanzia 1784 hadi 1787. Mozart alizisoma kwateti za Haydn, akakaa kati ya 1782 na 1785 akitunga sita zake, kisha akamtunukia mzee na kukiri kwa maandishi kwamba ni matunda ya kazi ndefu na ya taabu. Usiku wa tarehe 12 Februari, 1785, baadhi yake zilipigwa mbele ya Haydn, naye akamwambia baba yake Mozart kwamba hajui mtunzi aliye mkuu kuliko mwanawe. Ikiwa Mozart alijifunza kwa kuvaa koti la mwenziwe, na mwenye koti akafurahi, mwalimu wetu wa Nairobi anakataza nini?

Na kuhusu wimbo wa kubembelezea mtoto kuvalishwa tai, nilimkumbusha baba mdogo jambo moja. Mwaka wa 1963 tume ya watu watano ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, ikaupangia sauti, na sote leo tunausimamia wima. Ndio wimbo wetu wa taifa.

Wundanyi, Desemba

Kwateti ya ndugu yangu ilipigwa siku mbili baada ya Krismasi, katika ukumbi wa kanisa, mvua ikinyesha juu ya mabati. Wapigaji walikuwa yeye na wanafunzi wake watatu. Sehemu zilikuwa tatu. Ya mwisho haijakamilika. Mama tulimkalisha mbele, hatua mbili kutoka kwa msichana wa fidla ya pili.

Sehemu ya polepole ilipoanza, msichana yule ndiye aliyeushika wimbo. Mama aliinamisha kichwa, akaligeuza sikio la kushoto, ambalo ndilo lililobaki na nafuu. Midomo yake ilianza kwenda. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi nyuma, alivua kofia.

Baadaye tulimwuliza mama ameonaje.

"Huyo wa pili amenishika vizuri," alisema, "lakini anachelewa kuvuta pumzi. Mwambieni." Kisha akamgeukia ndugu yangu. "Na hiyo iliyobaki, utaileta lini? Usinicheleweshe hadi Krismasi nyingine."

Ndugu yangu aliahidi Pasaka. Nilipokuwa nikiandika makala haya alikuwa amefika ukurasa wa tano.