Upepo Upo, Mitambo Tumeizima

Ukipita kaskazini mwa Ujerumani Jumapili mchana, ukaona mitambo ya upepo imesimama huku miti ikiyumba, usidhani imeharibika. Mara nyingi ni sisi wa dawati la mauzo tumeizima.

Kazi yangu ni kuuza umeme wa upepo na jua kwenye soko la siku inayofuata. Mnada hufungwa saa 6 mchana. Matokeo yakitoka, cha kwanza natafuta saa zenye bei hasi, yaani muuzaji ndiye anayemlipa mnunuzi. Mwaka 2023 zilikuwa 301. Mwaka 2024 zikafika 457. Tarehe 2 Julai 2023, kuanzia saa 8 mchana, bei ilifika euro 500 chini ya sifuri kwa megawati-saa, kiwango cha chini kabisa ambacho mnada unaruhusu.

Mitambo mipya hukosa ruzuku bei ikikaa hasi, basi naizima. Sola za mapaani hazina habari na bei. Mwenye nyumba aliyefunga paneli mwaka 2009 aliahidiwa senti 43 za euro kwa uniti, miaka 20. Paneli nyingi za namna hiyo hata kifaa cha kuzizima kutoka mbali hazina. Sheria ya Februari 2025 imewabana wanaofunga sasa. Mikataba ya zamani inaendelea. Wenye makaa ya mawe nao huacha baadhi ya mitambo ikiwaka, kwa sababu kuwasha boila upya ni ghali kuliko kulipa saa chache.

Halafu kuna kikomo cha kaboni cha Umoja wa Ulaya, tangu 2005: anayechoma makaa lazima awe na vibali vya kutoa kaboni. Wengi hawajui kwamba kibali ambacho upepo wetu ulikiokoa kiliweza kuuzwa, kikatumika kuchoma makaa nchi nyingine. Ruzuku zetu, pamoja na mdororo wa uchumi, zilijaza vibali sokoni hadi Aprili 2013 kimoja kikauzwa chini ya euro 3. Kwa bei hiyo nani angezima makaa? Akiba ya kuondoa vibali vya ziada ilianza 2019, na Februari 2023 bei ikavuka euro 100.

Ruzuku ina faida, kikomo kina faida. Ila kila kimoja kiliandikwa peke yake, na vinagongana huku sokoni, kila siku, mbele ya macho yetu.

Ndugu zangu mnaoandaa soko la pamoja la umeme Afrika Mashariki, kabla hamjasaini bei ya kudumu ya miaka 20, mwiteni mezani anayeuza umeme huo saa 7 mchana.